Kanga Iliyogoma Kufunguka



Wiki tatu zilizopita watoto wa darasa la tatu walirudi nyumbani na malalamiko. Walikuwa na haki. Jumamosi ile tulikaa mbele ya kompyuta saa moja na nusu, na tulichovuna ni pindo mbili zisizokamilika na mtoto mmoja aliyelia. Naandika kuwaeleza kilichokuwa kimeharibika na namna tulivyokitengeneza, kwa sababu wengi wenu mmeniuliza, na wengine mna programu hiyohiyo nyumbani na mnahangaika nayo kimyakimya.

Kazi yenyewe mnaijua. Kwa sherehe ya kufunga mwaka tunataka kanga kubwa ya kutundika ukutani, ichorwe na watoto na kuchapwa kwenye kitambaa. Kanga ni somo zuri kwa sababu ina sehemu tatu ambazo mtoto anazishika upesi: pindo inayozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Watoto walipiga kura, na jina lililoshinda ni "Haba na haba hujaza kibaba". Sikujua kwamba methali hiyo ingekuja kunisema mimi mwenyewe.

Programu tunayotumia ni Inkscape. Ni ya bure, ilianza mwaka 2003, na inakubali Windows, Mac na Linux, kwa hiyo hakuna mzazi anayelazimika kulipa chochote ili mtoto afanye mazoezi nyumbani. Huchora picha za aina ya vekta. Picha ya simu ni kama kazi ya ushanga: vitone vya rangi vilivyopangwa, kila kimoja mahali pake, na ukiikuza sana unaanza kuona vitone. Picha ya vekta haina vitone. Ni maagizo: anza hapa, pinda kidogo kushoto, fika pale, jaza rangi nyekundu. Mahali mstari unapoanza, unapopinda au unapoishia huwekwa alama inayoitwa nodi.

Kwa kuwa ni maagizo tu, korosho ndogo kama ukucha unaweza kuikuza ikawa kubwa kama mlango, na kingo zake zikabaki safi. Ndiyo maana tunachora kanga yetu kwenye ukurasa wa sentimita 30 kwa 20, na mchapaji ataikuza mara tano ifike mita moja na nusu kwa mita moja. Lakini maagizo lazima yasomwe. Kila ukisogeza picha, ukiikuza au ukiipunguza, kompyuta hurudi kuyasoma na kuchora upya kinachoonekana. Maagizo mia tano husomwa kabla hujapepesa jicho. Maagizo laki tatu ni habari nyingine.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilipohamia huku nilikuja na kanga moja ya mama yangu kutoka Tanga. Mji wake una korosho kubwa nne, na pindo yake ina korosho ndogondogo zinazofuatana. Mama hayupo tena, na kanga ile siivai, imekaa kabatini. Nikafikiri, badala ya kuanza na ukurasa mtupu, watoto waanze na hii. Nikaitandika kitandani, nikaipiga picha kwa simu, nikaiingiza kwenye programu, kisha nikaiamuru programu ifuatishe picha na kuigeuza vekta. Amri hiyo hupatikana kwa kubonyeza Shift, Alt na B pamoja. Nikachagua rangi nane, nikabofya. Kimya. Nikadhani haikusikia, nikabofya tena. Na tena. Baada ya muda kanga ya mama ikatokea kwenye skrini, nzuri ajabu. Nikahifadhi, nikafunga laptopu, nikaenda zamu ya usiku.

Jumamosi nikalinakili lile faili kutoka kwenye flashi mpaka laptopu zote sita za shule. Mnazijua laptopu zetu. Tulipewa na watu waliokwisha kuzichoka, na kila moja ina gigabaiti nne tu za kumbukumbu. Nikawaambia watoto wafungue. Skrini zikaganda. Ili wasipige kelele nikawaambia tuhesabu kwa Kiswahili mpaka kanga itokee. Tulifika mia moja na arobaini. Wadogo walikuwa wamekwama kwenye themanini na tisa, kwa hiyo somo la hesabu angalau lilifanyika.

Kilichofuata hakikuchekesha. Kila ukibofya, unasubiri. Msichana mmoja alichora nyota kwenye pindo, haikuonekana, akachora tena, na tena. Ghafla nyota nne zikatokea kwa mpigo, zimepandana, na programu ikajifunga yenyewe na kazi yake yote. Ndiye aliyelia. Nikiwa nambembeleza, mvulana aliyekaa karibu naye akaniuliza swali, kwa Kiingereza, nami nawaandikia maana yake: "Mwalimu, kwa nini vitu vya Kiswahili huwa vibovu?"

Hakuwa na utovu wa adabu. Ana miaka tisa na alisema alichokiona. Shuleni kwao siku za wiki kompyuta zinafanya kazi. Hapa kwetu Jumamosi hazifanyi. Programu haikutengenezwa na Waswahili, lakini kichwani mwake kila kilichomo ndani ya ukumbi ule ni Kiswahili: viti vinavyokatika, redio inayokwaruza, na sasa kanga isiyofunguka. Nilikosa la kumjibu. Nikasema tutaangalia.

Jioni ile kamati ikaanza kuzungumzia laptopu mpya. Pesa zingetoka kwenye mfuko wa kodi ya ukumbi, na sote tunajua mfuko ule ulivyo. Nikawaomba wanipe wiki moja. Kazini kwangu hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumpima, na hapa hakuna aliyekuwa amepima kitu. Tulikuwa tumeona homa tu.

Nikaenda nyumbani na laptopu moja, ile iliyo mbovu kuliko zote, na Jumatatu baada ya kulala nikaanza. Nitawaeleza hatua kwa mfuatano, ili na ninyi mzifuate.

La kwanza, kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine. Fanyia majaribio nakala, mama mzazi mwache apumzike.

La pili, ujue mgonjwa ni nani: kompyuta au faili. Nilifungua ukurasa mpya mtupu, nikachora duara na mraba, nikavisogeza. Viliteleza kama samaki. Basi Inkscape haina neno, na laptopu, pamoja na uzee wake, inaweza. Nikafunga kivinjari cha intaneti kilichokuwa na kurasa nyingi wazi, maana kinakula kumbukumbu, kisha nikafungua faili la kanga. Likachelewa vilevile. Mgonjwa ni faili. Kama nawe ukifungua ukurasa mtupu nao ukakwama, usipoteze muda kwenye mchoro. Kwanza funga programu nyingine, kisha uwashe mashine upya.

La tatu ndilo lililonifumbua macho. Inkscape ina namna kadhaa za kuonyesha picha. Ipo ya kawaida, ipo inayoficha vionjo vya ziada kama ukungu na vivuli, na ipo inayoonyesha mistari mitupu bila rangi. Ukibonyeza Ctrl pamoja na 5 iliyo kwenye kundi la tarakimu upande wa kulia wa kibodi, unazipitia zote kwa zamu. Laptopu nyingi ndogo hazina kundi hilo, basi tafuta namna hizo kwenye menyu ya mwonekano, hali ya kuonyesha. Hapo unapata kipimo bila gharama. Picha ikiwa nyepesi mara tu vionjo vinapofichwa, ugonjwa uko kwenye ukungu na vivuli. Ikiwa nzito hata kwenye mistari mitupu, ugonjwa uko kwenye wingi wa nodi na maumbo.

Kanga yetu ilikuwa na magonjwa yote mawili. Nilipoficha vionjo, ilichangamka kidogo. Hapo nikakumbuka kwamba maneno ya jina nilikuwa nimeyawekea kivuli chenye ukungu, herufi moja moja, ili yapendeze. Ukungu ni kazi ngumu kwa kompyuta, maana lazima ikokotoe kila kitone cha eneo lile, na ukikuza picha eneo linapanuka na hesabu inaongezeka. Tena wenye kanga hawakuweka ukungu hata siku moja. Kanga huchapwa kwa rangi bapa zenye kingo kali. Kile kivuli hakikuwa na kazi hata kwa mchoro wenyewe. Nikakiondoa.

Lakini hata kwenye mistari mitupu faili lilikuwa zito, na skrini ilikuwa nyeusi kwa mistari iliyosongamana. Nikabofya umbo moja na kusoma ule ukanda mwembamba ulio chini ya dirisha, ambao hukutajia umeshika nini. Uliniambia: njia moja, nodi zaidi ya 31,000. Hiyo ni rangi ya hudhurungi peke yake. Nikaisogeza pembeni. Chini yake nikakuta nyingine ileile. Nikaisogeza, nikakuta ya tatu. Zile mara tatu nilizobofya kwa kukosa subira, programu ilizitii zote, na kanga tatu zilikuwa zimelala moja juu ya nyingine kama nguo sandukuni. Na chini kabisa, baada ya zote, ilikuwapo picha yenyewe ya simu. Programu haiiondoi ikishaifuatisha, inakuachia wewe. Picha iliyofungashwa ndani ya faili la aina hii huandikwa kwa herufi, na kwa hiyo huongezeka ukubwa kwa theluthi moja. Jumla faili lilikuwa megabaiti 18.

Nikafuta nakala mbili na picha. Nikaagiza programu isafishe waraka, amri iliyoko kwenye menyu ya faili, ambayo hufagia mabaki ya rangi na mitindo isiyotumika tena. Faili likapungua sana. Kanga ikafunguka kwa hesabu ya arobaini badala ya mia moja na arobaini. Nafuu, lakini bado mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoivuta kanga karibu kabisa, nione nodi zote zile zinafanya kazi gani. Nyingi hazikuwa kwenye korosho. Zilikuwa kwenye makunyanzi ya shuka, kwenye nyuzi za kitambaa, na kwenye kivuli cha mkono wangu ulioshika simu. Na upande mmoja, chini ya korosho ya kushoto, palikuwa na bonge la nodi lililoshonana kama sisimizi. Nikatazama kwa muda ndipo nikalitambua. Ni doa. Ni mafuta ya nazi, pale mama alipokuwa akinipakata kati ya magoti yake na kunisuka. Programu haijui doa ni nini. Ilifuatisha kila kitu kwa uaminifu uleule: korosho, kunyanzi, kivuli, mafuta ya mama.

Kuna amri ya kurahisisha njia, Ctrl na L, inayopunguza nodi na kujitahidi kubakiza umbo. Nikaijaribu. Nawaonya: ukiibonyeza mfululizo, kila safari inaongeza nguvu. Mara ya kwanza nodi zilipungua. Ya pili doa likayeyuka. Ya tatu korosho zikawa viazi. Nikarudisha nyuma, nikafunga laptopu, nikaenda kupika. Ukweli ni kwamba nilijua dawa tangu nilipoona ile idadi ya nodi, ila sikutaka kuifanya. Dawa ilikuwa kuifuta kanga ya mama na kuchora nyingine.

Siku mbili sikuigusa. Kilichonirudisha ni lile swali la mtoto. Watoto hawahitaji picha ya doa langu. Wanahitaji kanga wanayoweza kuisogeza. Na mimi kanga ninayo, ya kitambaa, kabatini, hatua nne kutoka nilipokaa. Alhamisi nikafuta.

Nikachora korosho moja kwa mkono. Mzunguko wake wa nje ulihitaji nodi tisa tu. Pamoja na mapambo ya ndani, korosho nzima haikufika nodi arobaini. Sikuinakili kwa namna ya kawaida. Nilitengeneza kloni kwa Alt na D. Kloni si mchoro mpya. Ni agizo moja linalosema: "Chora ile korosho, hapa." Pindo nzima ina korosho 64: moja ni ya asili, 63 ni kloni. Faida yake kubwa ni hii: ukibadilisha rangi ya ile ya asili, zote zinabadilika pamoja. Tahadhari yake ni kwamba kloni hupunguza ukubwa wa faili na kazi ya kusahihisha, lakini kila moja bado huchorwa kwenye skrini. Ukiziweka elfu kumi utaumwa tena.

Nikaigawa kanga katika matabaka matatu, nikayaita pindo, mji na jina. Tabaka unaweza kulificha. Mtoto anayechora pindo anaficha mji, na kompyuta haihangaiki nao. Maneno ya jina niliyaacha yakiwa maandishi, sikuyageuza njia, ili kosa la herufi liweze kusahihishwa. Tutayageuza mwisho kabisa, kwenye nakala ya mchapaji tu, asije akakosa fonti yetu. Faili lilipokwisha lilikuwa kilobaiti 240.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na flashi, na pia nilikuja na kanga ya mama. Kwanza nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba wiki iliyopita kosa halikuwa la kompyuta wala la Kiswahili. Lilikuwa langu. Nilibofya mara tatu badala ya kungoja, nikapamba pasipohitaji pambo, na sikukagua nilichowaletea. Haba na haba. Yule mvulana akatikisa kichwa kama daktari mkuu aliyepokea taarifa.

Kisha nikawapa kanga waishike. Wengi hawakuwahi kushika kanga iliyozeeka namna ile, laini kama kitambaa cha mtoto mchanga. Walisoma jina lake kwa sauti, walihesabu korosho, walinusa. Wakaniuliza doa ni la nini, nikawaambia, na wasichana wawili wakashika nywele zao. Yule aliyelia wiki iliyopita akaona kitu ambacho mimi nilikuwa nimekisahau. Kwenye kona ya pindo kuna mahali palipochanika, pameshonwa kwa mkono, kwa uzi wa rangi isiyofanana. Akaniuliza kwa nini mama hakununua nyingine. Nikamwambia hiyo ndiyo aliyokuwa nayo.

Tukafungua faili. Darasa zima likaanza kuhesabu kwa furaha, moja, mbili, tatu, nne, na kanga ikatokea. Wengine walinung'unika kwamba walitaka kufika mia. Mpaka saa ya kwenda nyumbani walikuwa wamemaliza pindo zote nne, na hakuna laptopu hata moja iliyojifunga. Kamati imeacha habari ya mashine mpya kwa sasa, na kodi ya ukumbi imelipwa.

Mtakapokuja kwenye sherehe, tazameni kona ya chini upande wa kulia. Mtaona mishono mitano midogo ya rangi ya buluu kwenye pindo nyekundu. Si kosa la mchapaji, msije mkamlaumu. Yule msichana aliichora mwenyewe, mstari mmoja mmoja, kila mmoja na nodi mbili. Hakuniomba ruhusa, nami sikuifuta.

Mwenye faili zito nyumbani alilete Jumamosi ijayo nusu saa kabla ya darasa, kwenye flashi, pamoja na nakala yake. Tutalipima pamoja. Na tafadhali, ukishabofya mara moja, ngoja.